Daktari Kipeuo Ndani ya Karatasi ya Kaki

Ninaandika haya nikiwa na akili timamu, bila kushurutishwa na mtu.

Shuleni kwetu kila daftari lazima livikwe karatasi ya kaki na liandikwe jina la somo. Nami, mtiifu kupindukia, nililivika kaki daftari langu la katuni, nikaliandika HISABATI kwa herufi kubwa, ili siku za msako lipite kama mtakatifu. Likapita misako mitatu.

Jumanne asubuhi nilitoka kunywa maji. Niliporudi, kiranja wa darasa alikuwa amekwisha kukusanya madaftari ya Hisabati na kuyapeleka ofisini. Dawatini mwangu alichukua la juu.

Ndani yake Jemedari Ndoo, shujaa mwenye blanketi mgongoni na ndoo kichwani, alikuwa akipambana na Daktari Kipeuo, katili anayekata watoto nusu na robo. Daktari ana kalamu nne mfukoni na masikio kama vifuniko vya sufuria. Mwalimu wa Hisabati naye ana kalamu nne. Kuhusu masikio, sisemi kitu.

"Umenimaliza, ndugu yangu," nilimwambia kiranja.

"Nimekuokoa. Ungeitwa mvivu."

"Afadhali mvivu!"

Nilikuwa na maonyo mawili. La tatu maana yake ni kwenda nyumbani kumleta mama, mshonaji asiyefunga kibanda chake hata akiwa na homa. Nilishamwona akivuka geti, utepe wa kupimia ungali shingoni.

Sikukalika. Nilikwenda chooni mara sita. Nilichonga penseli hadi ikabaki kisiki. Mlango ukilia, naruka. Jirani yangu, tunayemwita Bibi kwa jinsi anavyokohoa, akaninong'oneza:

"Tulia basi! Unatikisa dawati, mistari yangu inakwenda upogo."

"Bibi, nikifukuzwa, chukua godoro langu."

"Lile la kunguni? Ondoka nalo."

Saa tisa mwalimu aliingia, akagawa madaftari. Langu likawa la mwisho. Hakunitazama.

Kisanduku cha mwisho cha katuni nilikuwa nimekiacha kitupu, maana bwenini kwetu mshindi hupigiwa kura. Sasa kilikuwa na mchoro wa wino mwekundu: Jemedari Ndoo kapiga magoti, anasugua sakafu ya darasa, ndoo yake hatimaye ina maji. Daktari Kipeuo kasimama juu yake. Chini kuna maandishi: "Leo, saa kumi. Mama asisumbuliwe."

Nilisugua. Mwalimu alikaa mezani akisahihisha. Magoti hayakuniuma sana. Kilichoniuma ni yale masikio: aliyachora kwa mstari mmoja tu, na yalifanana kuliko yote niliyowahi kuchora mimi.

Nikashindwa kujizuia. "Mwalimu, umeyapataje hivyo?"

Hakuinua kichwa. "Nanyoa ndevu mbele ya kioo mwaka wa thelathini huu. Hiyo kona bado chafu."