Zamu ya Kumvuta Wasyl

Zenon Kuryluk hakuwa bahili, ingawa binti yake alimwita hivyo kila walipozungumza kwenye simu. Alikuwa mtu wa kushika ya kale tu. Larissa, aliyeolewa mjini Saskatoon, alitaka baba yake ajiunge na chama cha msaada wa barabarani: unalipa ada, unapewa kadi, na gari likikwama au betri ikifa kwa baridi unapiga simu, wanakuja kukuvuta. Zenon alimjibu kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Hao watu wa kadi wangetoka mjini, na theluji ya huku humfukia mtu kabla hajamaliza kutaja jina lake.

"Nina majirani," alimwambia.

"Majirani gani, baba? Nitajie mmoja."

Hapo mzee alibadilisha mazungumzo, akauliza habari za wajukuu.

Hakuwa na wa kumtaja. Barabara ile, iliyonyooka katikati ya mashamba ya ngano, zamani ilikuwa na nyumba zenye moshi pande zote mbili. Sasa zilibaki kuta na madirisha yaliyopigiliwa mbao. Wa mwisho kuondoka alikuwa Wasyl Hnatiw, wa lango la ng'ambo, na yeye hakuhamia mjini. Alikufa msimu wa mavuno. Zenon alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza, na trekta jekundu la marehemu likauzwa mnadani, likapakiwa kwenye lori, likaenda zake mbali, Alberta.

Lakini mazoea yana taabu. Miaka yote watu wa barabara ile walikuwa na sheria yao. Aliyekwama aliwasha indiketa zote mbili, na aliyeziona alikwenda na trekta na mnyororo. Hakuna aliyelipa. Wala hukusema asante, maana asante ilikuwa kama kumtusi mtu. Ulisema, "Zamu ijayo yangu," na jirani akainua kidole kimoja juu ya usukani, yakaisha. Siku ukiziona taa zake, utatoka, hata kama supu ya bitiruti iko mezani.

Basi ikawa Januari, mchana, Zenon anarudi kutoka kuchukua dawa zake za presha, upepo ukainua theluji iliyolala mashambani. Mbele peupe, nyuma peupe. Gari liliteleza taratibu, bila hata kelele, likakaa mtaroni. Aliwasha indiketa zote mbili akabaki ndani, maana anayetoka kwenye gari siku kama hiyo huokotwa theluji ikiyeyuka. Vidole vilianza kufa ganzi. Alimkumbuka Larissa na ile kadi yake, na aliogopa, tusimfichie.

Ndipo trekta likatokea. Lilikuwa jekundu, kioo cha ubavuni kimezibwa kwa gunia. Dereva alishuka ameinama, kofia imemfunika uso, akafunga mnyororo, akalivuta gari hadi langoni kwa mzee. Alipokuwa akifungua mnyororo, Zenon aliteremsha kioo, na ulimi ukaitangulia akili.

"Zamu ijayo yangu," alisema.

Yule mtu alipanda, akainua kidole kimoja, upepo ukamfunika. Zenon alikuwa jikoni anavua buti ndipo akili ilipofika. Gunia lile alilifunga yeye mwenyewe, mwaka kioo cha trekta la Wasyl kilipovunjika. Akakaa sakafuni na buti moja mguuni.

Hakumwambia Larissa. Angemwambia nini? Binti angekuja mbio na kumpeleka kwenye nyumba ya wazee kabla ya Jumapili.

Kesho yake upepo ulitulia. Zenon alisogea dirishani na chai yake, na ng'ambo, kwenye lango la Wasyl, akaona taa mbili za rangi ya chungwa zikiwaka na kuzimika. Gari hakuliona. Huenda lilikuwa limefukiwa, huenda halikuwepo. Theluji kutoka kwake hadi kule ilikuwa laini, haina alama ya tairi wala ya mguu. Alifunga pazia, lakini mwanga ulipenya kitambaa, ukagusa ukuta wa jikoni, ukaondoka, ukarudi. Uliendelea hivyo asubuhi nzima.

Ahadi ni deni, na Zenon hakuwahi kumwacha jirani mtaroni. Trekta lake lilikuwa bandani, na mafuta tele. Alishika ufunguo, akauweka, akaushika tena. Aliamini kabisa kwamba akivuka barabara ile hatarudi. Na asipovuka, atakuwa mtu wa kwanza wa barabara ile kuziona taa za mwenzake na kukaa.

Ilipofika saa ya kula, aliacha chakula mezani. Akapiga simu kwenye chama cha msaada wa barabarani.

Aliyepokea alikuwa dada mchangamfu, sauti ya mtu aliyekaa mahali penye joto. Zenon alimuuliza ada hiyo ina faida gani hasa. Je, mtu akishalipa, anadaiwa zamu? Dada akacheka, akamwambia hapana, mzee, ukishalipa hudaiwi kitu na mtu yeyote. Neno hilo lilimtuliza Zenon kuliko dawa zake zote. Akauliza kama anaweza kumlipia na mwenzake, Wasyl, aliyekwama muda huu huu ng'ambo ya barabara. Inawezekana, aliambiwa, na kadi ya pili ni nafuu kuliko ya kwanza, ila ina sharti.

"Huyo bwana Wasyl, mnaishi nyumba moja?"

Zenon alitazama pazia. Mwanga ulikuja, ukaondoka.

"Ndiyo," alisema. "Anaishi hapa kwangu."

"Vizuri, mzee wangu. Nimeshamwandikisha."

Alilipa papo hapo, akashusha pumzi. Alijiona mjanja. Dereva asiyemjua mtu huku ndiye atakayemvuta Wasyl, ampeleke anakokwenda, hata iwe makaburini, na zamu itakuwa imelipwa kwa mkono wa mwingine. Sasa aliona ada ile ni rahisi, na alimwonea aibu kidogo binti yake.

"Dereva wetu yuko jirani, ameshamfikia," dada alisema. "Na usiwe na wasiwasi, hatumwachi mtu njiani. Tunamleta hadi nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Hapo kwenu, mzee. Si ndiko anakoishi?"

Zenon alifungua pazia. Taa za ng'ambo zilikuwa zimezimika. Lori la manjano la kuvuta magari lilikuwa likija polepole, halivuti kitu nyuma yake, na mbele wamekaa watu wawili. Lilipofika langoni kwake lilikata kona. Dada wa simu alikuwa bado anaongea, akimweleza mzee kwamba uanachama ni wa mwaka mzima, na mwaka ukiisha unaendelea wenyewe.