Shamba Alilolikana Phelim

Habari kwamba mpima ardhi ameingia bondeni iliwakuta Phelim Heggarty na mkewe Onora wakivuna mahindi. Phelim aliangusha kapu na kuanza kutoa amri kama mtu aliyesikia nyumba inaungua.

"Ng'ombe wapelekwe msituni. Mlango ung'olewe. Binti yetu Una avae lile gauni lililochanika."

"Baba Una, umeingiwa na wazimu?" Onora alisema. "Jirani yetu Weigel tangu juzi anafagia uwanja na kupaka ua chokaa. Yeye anataka mpima aone kila kitu."

"Weigel ni Mjerumani. Anajua nini kuhusu mabwana wenye ardhi?"

Jibu la swali hilo Onora alilijua tangu walipokuwa Tyrone. Kule Ireland baba yake Phelim alilima shamba la bwana mmoja ambaye hakuwahi hata kulikanyaga. Mwaka mmoja mzee akajitia kupaka nyumba chokaa na kupanda mitufaha. Wakala wa bwana alipita, akaona, akasifia, na kodi ikapandishwa mpaka ikamshinda mzee, akatupwa barabarani na sufuria zake. Tangu siku hiyo kila Heggarty alijua la kufanya: mwenye buti zinazong'aa akija, akukute huna mbele wala nyuma. Ukimwonyesha neema, umempa sababu ya kukukamua.

Lakini hapa Pennsylvania mambo yalikuwa kinyume. Mtu aliyefyeka msitu, akajenga na kulima, ndiye aliyeandikiwa ardhi. Asiyefanya kitu alihesabiwa mpita njia. Weigel alimweleza Onora hayo, naye akamweleza mumewe mpaka akachoka. Kila mara Phelim alimcheka. "Ndivyo wanavyosema," alijibu, "mpaka uwaonyeshe ng'ombe." Basi Onora akashika upande mmoja wa mlango wakaung'oa pamoja, na jambo hilo hakujisamehe kamwe.

Mpima alikuwa kijana mwembamba mwenye mafua, hana ubaya wowote. Alikitazama kibanda kisicho na mlango, akapiga chafya.

"Mmekaa hapa tangu lini?"

"Ah, tunapita tu, mheshimiwa," Phelim alisema kwa sauti nyembamba ambayo Onora hakuwahi kuisikia tangu washuke melini. "Hata moto wetu haujashika vizuri."

"Na shamba lile? Nani amelifyeka?"

Shamba lile! Phelim aliikata miti ile mpaka viganja vikatoka damu. Onora alichimbua visiki akiwa mjamzito, mimba ikamtoka palepale shambani, wakaizika kwenye ukingo wa juu.

"Ni la Walenape wa zamani," Phelim alisema. "Tumelikuta hivyohivyo."

Kweli Walenape, wenyeji wa asili wa nchi ile, walikuwa wameishi bondeni, nao walifukuzwa, jambo ambalo halikumnyima usingizi jirani yeyote. Lakini pale hawakuwahi kulima hata tuta moja.

"Muongo!" Onora alifoka. "Bwana, usimsikilize, anaogopa tu. Tumelifyeka sisi, kwa mikono hii! Ng'ombe wetu wako msituni, twende ukawaone. Kamuulize Weigel."

"Nimeshamuuliza, mama. Amesema ni lenu, ndiyo maana nashangaa." Kijana alimgeukia Phelim, akapunguza sauti. "Bwana Heggarty, sitaki kukudhulumu. Nitaandika utakalosema wewe. Mkeo anasema kweli?"

Onora alimkazia mumewe macho. Sema ndiyo, alimwomba moyoni, neno moja tu, baba Una. Angesema, pengine, kama kijana angefoka. Upole ndio uliommaliza. Yule wakala wa Tyrone naye alikuwa mpole.

"Mke wangu mgonjwa, mheshimiwa. Ana homa, anaweweseka. Msamehe."

Kijana akaandika, akawaita wenzake waliobeba mnyororo wa kupimia, wakaenda zao. Walipopotea mitini, Phelim alijipiga paja kwa kicheko.

"Umeona? Tumempiga chenga! Na wewe na mdomo wako ulitaka kutuponza."

Onora alimwonea huruma, lakini chuki ilikuwa kubwa zaidi. Aliingia ndani, akalala kifudifudi, na usiku ule hakuna aliyepika.

Theluji ilipoyeyuka Weigel alikuja, haya imemjaa usoni.

"Ardhi hii iliandikwa haina mtu," alisema. "Nisingeichukua mimi, angeichukua tajiri mmoja wa Lancaster, naye angewafukuza. Msiondoke. Mtakuwa mnanipa fungu la mavuno, basi."

Onora alingoja mumewe akimbilie shoka. Angempa shoka hilo kwa mkono wake mwenyewe, Mungu amsamehe. Lakini Phelim hakukunja hata ngumi. Mabega yalimshuka taratibu, na uso wake, uliokuwa umekazana tangu walipofika nchi hii, ukalegea kama wa mtu aliyetua mzigo.

"Mungu akuzidishie, bwana," alisema. "Hutapata usumbufu kwetu. Sisi maskini, hatuna kitu."

"Phelim, mimi jirani yako. Tumechimba kisima pamoja. Usiniite bwana."

"Sawa, bwana," alijibu Phelim.