Mstari wa Chini

Darasa la tano lilikuwa na wanafunzi tisini na wanne na vitabu kumi na kimoja. Dawati moja lilisoma, mengine yakasubiri zamu, na waliosubiri ndio waliopigana. Ishirini na sita kati ya wanafunzi hao walikuwa bado hawajui kusoma. Mwalimu wao, wa mkataba kwa mwaka wa tisa sasa, aliwajua wote kwa sura na kwa neno linalomkwamisha kila mmoja.

Ni kwa ajili ya hao ishirini na sita alianza kutumia akili bandia ya kwenye simu. Aliiagiza hadithi fupi zenye maneno mepesi, akazikagua mstari kwa mstari. Siku moja ilimletea kuku anayenyonyesha vifaranga. Alicheka peke yake, akafuta, akaandika kwamba kuku aliwafunika wanawe kwa mbawa.

Walimu wengine nao waliitumia, tena kwa maandalio ya somo ambayo hata hawakuyasoma. Mwalimu mkuu akaitisha kikao, akasoma mwongozo uliotoka ofisi ya elimu: anayetumia akili bandia aandike hivyo chini ya karatasi. Mficha maradhi kifo humuumbua, akasema, na atakayesema kweli yeye mwenyewe atamlinda. Mwalimu wa hesabu, waliyemwita Profesa, akamnong'oneza mwenzake wa darasa la tano:

"Dada, ya kikaoni huachwa kikaoni."

Hakumsikiliza. Mwalimu mkuu alikuwa mtu wake. Mkuu huyo alipokuja shuleni hapo akiwa kijana, kwa mazoezi ya ualimu, ni mwalimu huyu aliyekaa dawati la nyuma wiki nzima kuwatuliza watoto, ili kijana asiaibike. Mpaka leo mkuu alimwita mama. Na barua ya kumthibitisha mwalimu kazini ilikuwa mezani kwa mkuu, ikingoja sahihi yake tu.

Basi chini ya kila hadithi akaandika: Imeandaliwa kwa msaada wa akili bandia. Nimeisoma na kuisahihisha mwenyewe.

Mkaguzi alipokuja, alipekua majalada ya shule nzima. Mstari ule aliukuta kwa mwalimu mmoja tu.

"Kumbe hapa inafundisha simu?"

Mwalimu mkuu akatazama dirishani. "Ni huyu mmoja tu, mheshimiwa. Tulishamwonya."

Mwalimu wa darasa la tano, aliyesimama pale, alidhani amesikia vibaya. Akauliza, kwa adabu, kama si mkuu mwenyewe aliyewasomea mwongozo kikaoni.

"Mwalimu," akasema mkuu, na neno mama halikuwepo tena, "tusibishane mbele ya mgeni."

Profesa alikuwa akifuta miwani yake, akaifuta tena.

Baada ya siku tatu mwalimu aliitwa ofisini kwa mkuu. Barua ilisema mkataba hautaendelea. Ile ya kumthibitisha kazini haikuwa mezani tena.

"Mama, nielewe. Ningewataja wote, shule ingebaki na nani?"

"Ulisema utanilinda."

"Nimeilinda shule." Akasogeza karatasi moja, kisha nyingine. "Zile hadithi lakini utuachie. Watoto wameanza kusoma."

Akaziacha. Angezipeleka wapi? Lakini ilimuuma kuliko barua yenyewe.

Shule ile haikutupa karatasi. Kibali cha kutoka getini kiliandikwa nyuma ya kipande chochote kilichokuwepo, na siku hiyo vipande vilikuwa vingi. Mwalimu alipofika kuchukua chake, karani alikuwa na mkasi mkononi na rundo la hadithi mbele yake, akikata kila ukurasa ukingo wa chini, wenye ule mstari. Hakuinua macho. Alichukua kipande kimoja, akakigeuza, akaandika, akagonga muhuri.

Getini mlinzi alikipokea kwa haya, akasema siku hizi hata walimu wanadaiwa kibali. Akasoma polepole. "Nimeisoma na kuisahihisha mwenyewe. Mwalimu, ndicho hiki?"

"Geuza."

Akageuza, akaona muhuri, akakitunga kwenye msumari wa ukutani pamoja na vingine.

Kutoka darasa la tano zikaja sauti zikisoma kwa pamoja, kwa kuburura. Kuku aliwafunika wanawe kwa. Zikakwama. Zikarudia: wanawe kwa. Neno lililowakwamisha, mbawa, lilikuwa lake, alilolitia kwa mkono wake mwenyewe. Akasimama na mkoba wake ili asikie kama kuna mtu atakayewasaidia. Mlinzi alikuwa ameshika geti, akisubiri atoke afunge.