Kiti cha Abiria

Shuka moja la hoteli halisumbui mtu. Mashuka hamsini yaliyolowa, yakisokotana ndani ya gunia la turubai, hayo ndiyo yanayoujua mgongo wa mtu. Dereva alilishusha gunia la mwisho kutoka kwenye gari, akafunga mlango wa nyuma kwa goti, akaingia kiwanda cha kufulia kumtafuta mnyapara. Alimkuta ameegemea mashine ya kukaushia, kikombe cha kahawa mkononi.

"Bosi, nikimaliza mzunguko wa asubuhi naomba nipitie ofisi ya trafiki mara moja."

"Kuna nini? Usiniambie leseni."

"Ni picha tu."

"Picha ya pasipoti?"

"Ya barabarani. Ile kamera ya njia ya hospitali ilinipiga."

Mnyapara akacheka. "Zile huwa hazitoki vizuri, mtu anaonekana kama mwizi. Haya, nenda. Lakini dereva asiye na leseni kwangu hana kazi, hata ya kufagia. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, bosi."

Barua ya trafiki ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa jaketi. Alikuwa amepewa jana jioni na bibi wa mlango wa pili, ambaye aliiokota chini ya masanduku ya posta pamoja na matangazo ya magodoro, akaiweka juu ya friji yake, kisha akaenda kukaa kwa binti yake mpaka akaisahau. Aliomba radhi sana. Dereva alimwambia asijali, kwa sababu bila yeye hata hiyo asingeipata.

Kasoro ilikuwa kwenye sanduku lenyewe. Sanduku la nyumba yao lilikuwa na jina la mpangaji aliyehama zamani. Nyumba iliandikishwa kwa watu watatu na ndani walilala sita, kwa hiyo mwenye nyumba alishawaambia: siku nitakayoona jina jingine pale, wote nje, na mizigo yenu. Na tarishi wa nchi ile hatumbukizi barua kwenye sanduku lisilo na jina la mwenye barua. Akiwa na moyo mzuri huiacha chini, sakafuni. Akiamka vibaya huirudisha ilikotoka. Barua mbili za kwanza za trafiki zilipotelea huko. Hii ilikuwa ya tatu.

Dereva alikuwa ameisoma palepale ngazini. Kusoma lugha ya wale watu, kwake, kulikuwa kama kutembea gizani ndani ya chumba chake mwenyewe: unagusa meza, unagusa kiti, mwisho unafika mlangoni. Alielewa kwamba aliendesha kwa kasi kwenye njia ya hospitali. Alielewa kwamba faini imepanda mara mbili kwa sababu alinyamaza, na kwamba anatakiwa kukabidhi leseni kwa mwezi mzima. Alielewa pia sentensi ndogo ya chini kabisa, iliyosema kosa limepigwa picha na picha inaweza kuonwa ofisini. Ndipo akatazama tarehe ya kosa. Ilikuwa asubuhi aliyokufa Ndevu.

Ndevu alikuwa mdogo wake, wa tumbo moja, na aliitwa hivyo kwa sababu hakuwa nazo. Kidevuni alikuwa na nywele tatu alizozitunza kama bustani. Alifunga maboksi ghalani, na nyumba nzima ilimjua kwa ubahili: majani ya chai aliyachemsha mara ya pili, na mtu akitoka chooni alimkuta Ndevu nyuma yake anazima taa. Jioni ya kuamkia siku hiyo, kifua kilipoanza kumbana, alimpigia mama yao simu. Kaka yuko kazini, alisema, akirudi tutaona. Kuita gari la wagonjwa hakutaka. Alikuwa amesikia kwamba lina gharama. Dereva alitoka zamu ya usiku akamkuta amekaa kitandani, viatu ameshavaa, anamsubiri.

Alimtia kwenye kigari chake kikuukuu wakaondoka. Hospitali walifika. Kabla ya mchana Ndevu hakuwepo tena.

Mwili ulisafirishwa kwa michango ya watu. Dereva hakusafiri nao. Karatasi zake za kuishi zilikuwa zinasubiri muhuri, na anayetoka akiwa katika hali hiyo harudi. Kwa hiyo nyumbani habari ilifika bila ya mtu wa kuisimulia, na msibani watu wakaikata ikawa fupi: mkubwa alikuwa kazini, mdogo akafia chumbani peke yake. Dereva alipojaribu kueleza kwa simu, ilisikika kama kujitetea. Mama hakumlaumu hata siku moja. Ila aliacha kumwita baba, kama alivyomwita tangu utotoni. Siku hizi simu yao ilikuwa salama, salama, haya, nampa dada yako.

"Sasa hiyo picha ndiyo shahidi wako," Fundi alikuwa amemwambia jana. Fundi wa vigae ndiye waliyelala naye chumba kimoja, kwenye kitanda kilichokuwa cha Ndevu. "Serikali yenyewe imewapiga. Wewe na mdogo wako, gari moja, mwendo wa kufa mtu..." Akasikia alichosema, akashika mdomo. "Nisamehe, kaka."

"Endelea tu."

"Nilitaka kusema, kaichukue. Lakini kosa usikubali hata kwa mtutu. Karatasi ya hospitali unayo. Kata rufaa. Bila leseni kibarua kimeota nyasi."

Ofisi ya trafiki ilikuwa na viti vya plastiki vilivyofungwa kwa bolti sakafuni, kana kwamba kuna mtu angependa kuviiba. Vioo vya madirisha ya huduma vilikuwa vizito, na tundu la kuongelea lilikuwa chini mno, hivyo kila aliyekwenda kujieleza alijieleza ameinama. Namba yake ilipoitwa, na yeye akainama.

Karani alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi shingoni. Aliisoma barua, akaitafuta kwenye kompyuta.

"Umechelewa. Muda wa kupinga umekwisha."

"Barua imenifikia jana."

"Ya kwanza ilitumwa mwanzoni kabisa. Ya pili pia."

"Sikuzipata, mama. Hata moja."

"Barua ikishatumwa, baada ya siku tatu inahesabiwa imefika."

"Lakini haikufika."

"Kisheria imefika."

Dereva akainyoosha karatasi ya hospitali na kuipitisha chini ya kioo. Karani akavaa miwani. Aliisoma yote, na alipomaliza sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ulikuwa unampeleka mgonjwa."

"Mdogo wangu."

"Basi sikiliza. Mimi hapa siwezi kufuta kitu. Lakini omba shauri lifunguliwe upya, uambatanishe hii. Kitengo cha rufaa wanaweza kukuelewa. Faini ikafutwa, leseni ukabaki nayo."

"Na picha?"

"Picha inakwenda huko pamoja na faili."

"Nitaiona lini?"

"Inategemea. Miezi kadhaa. Watakuandikia."

Dereva aliliona sanduku la posta na jina la yule aliyehama. Aliwaona matarishi wawili, wa moyo mzuri na wa kuamka vibaya. Aliziona barua za kitengo cha rufaa zikianguka sakafuni moja baada ya nyingine, na kuhesabiwa zimefika.

"Naweza kuiona leo?"

"Leo ni kama unakubali kosa. Ukisaini hapa, shauri linafungwa, nakuchapia nakala yako sasa hivi." Karani akamtazama juu ya miwani. "Lakini ukisaini, rufaa hakuna. Fikiria. Kazi yako ni nini?"

"Dereva."

"Basi fikiria sana."

Nyuma yake mtu alikohoa, kile kikohozi cha kumwambia mwenzio aharakishe. Dereva alifikiria. Alimfikiria mama akipokea simu, akisema haya, nampa dada yako. Akaomba kalamu.

Alisaini mahali pawili. Alitoa leseni kwenye pochi, mahali ilipokaa mpaka ngozi ikapata umbo lake, akaipitisha chini ya kioo. Karani akaitia kwenye bahasha, kisha mashine iliyokuwa nyuma yake ikaguna na kutoa karatasi.

Ilikuwa picha ya mbele ya gari, nyeusi na nyeupe. Namba ya gari ilisomeka vizuri. Nyuma ya kioo alijiona mwenyewe, mashavu yamebonyea, mdomo wazi. Na pale kwenye kiti cha abiria palikuwa na mraba mweusi. Haukuwa kivuli. Ulikuwa mweusi tii, kingo zimenyooka kama kigae, kuanzia kioo cha upande mpaka katikati ya gari. Mkono wake mmoja ulikuwa umeachia usukani, umeingia kwenye ule weusi, ukakatikia kwenye kifundo.

Aliigeuza karatasi, akatazama nyuma yake. Nyuma hapakuwa na kitu.

"Yuko wapi?"

"Abiria hufunikwa. Si yeye mwenye kosa, kwa hiyo haonyeshwi. Ni kulinda siri zake."

"Ameshakufa."

Karani alivua miwani ikaning'inia. "Pole sana," alisema, na ilionekana hasemi tu. "Mashine inafunika yenyewe. Picha ya wazi hata mimi siioni."

"Nani anaiona?"

"Unaandika ombi. Unajieleza kwamba wewe ni ndugu wa marehemu, na kwa nini unaitaka."

"Halafu?"

"Wanakujibu."

"Wananijibu vipi?"

"Kwa posta," karani alisema. Kisha, kwa kuwa ni kazi yake kuuliza: "Hapa umekujaje?"

"Na gari la kazini. Liko nje."

"Usiliendeshe."

Mnyapara alikuja mwenyewe kuchukua funguo, ameletwa na dereva mwingine. Magunia yalikuwa bado ndani, na maji machafu yalishaanza kuchuruzika chini ya mlango wa nyuma.

"Si ulisema ni picha tu?"

"Ni picha tu, bosi."

"Kesho usije. Na mwezi ukiisha, usije vilevile."

Dereva alitembea mpaka nyumbani. Fundi hakuwa na kazi siku ile. Alikuwa anachemsha maji jikoni. Alipoambiwa kwamba mwenzake amesaini, aliweka mikono kichwani. Alipoonyeshwa picha, aliishusha mikono. Aliishika ile karatasi kwa kingo, kama mtu anayeogopa kuichafua, wakati Dereva akiipiga kwa simu na kumtumia dada yake.

Walikaa. Maji yakachemka, hakuna aliyeyaondoa. Mwisho simu ikalia.

"Nimeonyeshwa," mama alisema. Salamu hakutoa. "Wewe nakuona. Umekonda."

"Ndiyo, mama."

"Mwenzako simwoni."

"Wamemfunika. Ndiyo sheria ya huku, abiria haonyeshwi."

"Wamemfunika kabla hajafa?"

Upande wa pili Dereva alisikia dada yake akimwelekeza mama mahali pa kutazama.

"Huu mkono wa nani?"

"Wangu."

"Ulimshika wapi?"

"Shingoni, mama. Kichwa kilikuwa kinamwangukia."

"Alikuwa na fahamu?"

"Alikuwa anaongea."

"Alisema nini?"

Tangu msiba, hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza swali hilo. Dereva alilitazama dirisha la jikoni, lililojaa mvuke.

"Alisema, kaka, punguza mwendo, utakula faini."

Kwenye simu ikatoka sauti ambayo mwanzoni ilifanana na kicheko, na huenda ilianza kama kicheko kweli. "Huyo ndiye," mama alisema. "Huyo ndiye mwenyewe. Anakufa, na anahesabu..." Hakumaliza. Sauti ilivunjika, ikawa ya kitu kingine kabisa, na Dereva alisikia dada yake akisema kaa mama, kaa hapa. Halafu kukawa kimya. Hakujua kama laini imekatika au wameikata. Alipopiga, haikupita.

Alingoja. Alipiga tena. Kisha akasimama.

"Ile kalamu yako ya kuandikia vigae iko wapi? Na utepe mweupe."

Fundi alivitoa kwenye begi la kazi bila kuuliza, ila alipoona wanashuka ngazi akaelewa. Masanduku yalikuwa pale chini, yamepangwa ukutani, na matangazo ya magodoro sakafuni kama kawaida. Dereva alibandika utepe juu ya jina la yule aliyehama, akafungua kalamu.

"Mwenye nyumba akiona?" Fundi alinong'ona.

"Atuandikie barua."

Fundi alitazama juu ya ngazi, akatazama mlango wa nje. Kisha akaweka kidole gumba kwenye ncha ya utepe ili usiteleze.

Dereva aliandika jina lake. Chini yake akaanza la Ndevu, lile la kwenye pasipoti, ambalo nyumba ile hakuna aliyewahi kulitumia. Lilikuwa refu. Herufi za mwisho ilibidi azibane ndogondogo ili zienee.