Ngata za Bakuli

Jumatatu saa nne asubuhi Induben alitoka ndani ya duka lake la vitambaa, karibu na soko la Morogoro, akiwa amepaka dawa ya meno kwenye vidole viwili vilivyoungua. Alisimama barazani mbele ya cherehani ya Jesca, akamwonyesha. Mwanawe Girish alikuwa ameleta maikrowevu kutoka Dubai. Mashine inapasha chakula kwa dakika mbili, alisema, lakini inapasha na bakuli, na bakuli halina mahali pa kushika. Alitaka kitu cha kitambaa cha kukalishia bakuli, liingie nacho kwenye mashine na litoke nacho. Kiwe cha pamba tupu, nje na ndani, hata uzi, kwa sababu Girish alisema tetroni, ile nguo ya nyuzi za plastiki, ingeyeyuka.

Jesca alikuwa na mwaka wa pili akishona kwenye baraza ile. Shule aliiachia darasa la tano, huko Matombo. Hakuwa msemaji. Mtu mzima akimuuliza jambo, aliangalia pedeli ya cherehani mpaka mtu huyo ajijibu mwenyewe. Wateja walisema ana adabu.

Alijaribu kutwa nzima. Kitambaa kilichokaa bapa hakikushika kitu, na kilichokunjwa kiliinamisha bakuli. Jioni alilichukua bakuli mpaka Mwembesongo, alikokuwa akiishi na mama yake mdogo, Magreth. Magreth alifanya kazi ya kufuma kwenye kiwanda cha nguo kwa miaka kumi na minne, mpaka kilipouzwa kikafungwa, na yeye akapunguzwa pamoja na wenzake wote.

Magreth aliliweka bakuli juu ya kitambaa, akaliangalia. Alisema mama yake alikuwa akishuka Uluguru na tenga la kabichi kichwani bila kulishika, kwa sababu ya ngata, kitambaa kilichoviringishwa chini ya mzigo.

"Ngata haibebi mzigo," alisema. "Inaukalisha."

Akakata miraba miwili iliyo sawa. Kila mraba akaubana katikati ya kila upande, akashona mibano minne, kisha akaunganisha miraba yote miwili na kuigeuza. Pembe nne zikasimama kama masikio. Katikati alijaza kipande cha blanketi kuukuu la pamba. Kabla ya kukata alivisugua vitambaa kimoja kimoja kati ya kidole gumba na cha shahada, akavitupa pembeni viwili vilivyochanganywa tetroni. Kazi hiyo aliifanya taa ikiwa bado haijawashwa.

Kesho yake saa saba Induben alipasha dengu. Bakuli lilitoka likifuka mvuke, naye akalishika kwa masikio mawili. Kitambaa kilikuwa baridi kama mtungi wa maji. Alitoka nalo hadi barazani.

"Umebuni wewe?" aliuliza.

Jesca aliangalia pedeli. Alikuwa na nia ya kusema kwamba ni kazi ya mama mdogo, na neno lilikuwa limeshafika kooni. Induben alingoja kidogo, halafu akacheka. Alisema asione haya, mtu akiwa na akili hana cha kuficha. Wiki hiyo hiyo Girish aliagiza lebo ndogo za kushonea ubavuni, zimeandikwa *Jesca, Morogoro*.

Siku ile ya dengu, saa saba, Magreth alikuwa nyumbani anachambua maharage. Jesca aliporudi alisimuliwa kwamba viganja vilipata moto kwa muda wa dakika mbili, na maharage yaliyokuwa mkononi yakaiva. Magreth aliyatia chumvi akala. Alisema yalihitaji kitunguu.

Rashmi wa duka la dawa alinunua ngata sita. Altaf, aliyekuwa na maikrowevu mbili, alinunua kumi na mbili. Viganja vya Magreth vikaanza kupata moto saa moja asubuhi wakati wa maziwa, saa saba mchana wakati wa chakula, na tena jioni. Majirani walizoea upesi. Walimletea uji uliopoa na sare za shule zilizokunjamana, naye akazinyoosha kwa kupitisha kiganja, kola kwanza, kisha mikono. Ignas, aliyekuwa fundi mitambo kiwandani na sasa alitengeneza redio nyumba ya pili, alikuja na chapati zake tatu.

"Dada Magreth, hii yako ni ya Dubai au ya Japani?"

"Ya Mwembesongo. Lete chapati, na usinizibie mlango."

Siku za mgao, umeme wa upande wa sokoni ulipokatika, mikono ilipoa na Magreth akalala mchana kutwa. Siku nyingine alikaa ameitumbukiza kwenye beseni. Maji yakianza kuchemka, Jesca aliyamwaga na kwenda bombani kuchota mengine.

Ignas ndiye aliyeeleza sababu. Aliandika saa kwa chaki ukutani, akazilinganisha na saa za kula za watu wa sokoni, na zikakutana. Alieleza kwa sauti ile ile aliyotumia kueleza fyuzi.

"Moto haupotei," alisema. "Ukizuiwa kwenye kitambaa unamrudia aliyekibuni."

Kisha akaangalia mikono ya Jesca, iliyokuwa baridi, akaomba maji ya kunywa.

Usiku ule Jesca alitunga sentensi ya kumwambia Induben. Ilikuwa na maneno matano: *Mama, aliyebuni ni mama mdogo.* Asubuhi aliisema njiani kutoka Mwembesongo mpaka sokoni, aliisema akifungua cherehani, aliisema akitia uzi. Induben alipokuja, Jesca alimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikiwa marahaba. Lakini Induben alikuwa na habari. Duka moja la Dar es Salaam lilitaka ngata mia mbili, na mwenye duka alikuwa amesifu sana huyo Jesca. Akamwekea chai ya maziwa na kitumbua juu ya meza ya cherehani. Jesca alishukuru. Jioni alirudi nyumbani na sentensi yake nzima, haijapungua neno.

Mwezi wa tatu mistari ya viganja vya Magreth ilianza kufutika. Mwezi wa nne ikafuata ya vidole. Ngozi ikawa laini, inang'aa kama ya bakuli lenyewe. Hakulalamika. Ila sasa alikisugua kitambaa muda mrefu kuliko zamani, akakipeleka shavuni, akakirudisha kwenye vidole.

Jumapili moja alimpa Jesca kitambaa cha bluu chenye maua meupe.

"Hii pamba," alisema.

Jesca alikishika akahisi kinateleza. Alijua. Lakini hakuwa na desturi ya kumsahihisha mkubwa, na mia mbili za Dar zilikuwa zinangojwa. Akakata. Ngata ya kwanza ya bluu aliipeleka kwa Induben, aliyependa rangi hiyo.

Jumatano saa saba harufu ilitoka dukani ikafika barazani. Baada yake akatoka Induben, ameshika bakuli kwa koleo. Ngata ya bluu ilikuwa imeyeyuka na kugandana na bakuli, maua na yote.

"Jesca, kitambaa hiki alichagua nani?"

Jesca aliinua macho kutoka kwenye pedeli.

"Mama mdogo," alisema.

Neno lilitoka mara moja, wazi, kwa sauti ambayo hata Girish aliyekuwa kaunta aliisikia. Mteja mmoja aligeuka kuona nani amesema, maana hakuwahi kuisikia sauti ile. Induben alitikisa kichwa polepole. Hakukasirika. Alisema ndugu wa nyumbani wasaidiwe kwa mambo mengine, ila kitambaa akichague yule ambaye jina lake liko kwenye lebo. Jesca aliitikia, "Ndiyo, mama."

Jioni jua likiwa bado juu ya paa za Mwembesongo, Magreth alikuwa amekaa mlangoni na beseni. Alisema leo saa saba mikono ilipumzika kidogo, akauliza kama umeme ulikatika.

"Haukukatika," Jesca alisema. "Ile ya bluu ilikuwa tetroni."

Magreth alisugua kidole gumba kwenye cha shahada, bila kitu katikati.

"Nilikuwa naijua gizani," alisema.

Alitoa mikono kwenye maji, akaifuta kwa khanga. Kisha aliuliza Induben alisema nini.

"Aliuliza nani alichagua. Nikasema wewe."

"Sawa. Ni kweli, nilichagua mimi."

Watoto wa jirani walipita wakikimbiza tairi. Ignas alijaribu redio, ikakoroma, akaizima.

"Na siku ile ya kwanza," Magreth aliuliza, "alikuuliza nini?"

Jesca aliangalia chini. Pedeli haikuwepo, palikuwa na sakafu ya saruji na miguu yake miwili. Aliiangalia. Maneno yake matano yalikuwapo yote, kwa mpangilio ule ule. Magreth alingoja. Alingoja zaidi kuliko Induben alivyongoja, na hakucheka.

Ikafika saa ya maziwa ya jioni kwa Rashmi, na ya mchuzi kwa Altaf, na sasa pia ya watu wa Dar waliokwisha kupata ngata za kwanza, ambao hawakuwajua. Vitone vya maji vilivyobaki kwenye viganja vya Magreth vilikauka kwa mlio mdogo. Akanyanyuka, akachukua bakuli la maharage yaliyolala, akalishika katikati ya mikono miwili mpaka mvuke ukapanda. Akamnyooshea Jesca.

Lilikuwa la moto sana, halishikiki. Jesca akageukia rundo lililokuwa juu ya meza, zile zilizobaki za Dar, zilizokuwa tayari kwa kusafirishwa. Akachukua ngata moja, akaivuta masikio yake manne, akalipokea bakuli nayo. Lebo ilikuwa upande wake.

"Kula," Magreth alisema. "Kesho una kazi."

Magreth alirudisha mikono kwenye beseni, na maji yakaanza kutoa sauti. Jesca alikaa na bakuli mapajani. Hakusikia moto hata kidogo.