Masharti ya Kumpokea Mgeni

Mimi ndiye niliyeandika karatasi iliyomnyima Ketsia safari yake. Naanza na hilo ili mtu asije akanionea huruma katikati ya habari. Mimi ni sekretari wa chuo kidogo cha biashara hapa Baraka, mji wa kando ya ziwa: vyumba vinne vya matofali, paneli moja ya jua juu ya ofisi ya mkurugenzi, na wanafunzi mia na kitu wanaosomea uhasibu na biashara. Nimekaa kwenye meza ileile miaka kumi na mmoja, na barua zote za chuo hupita mikononi mwangu.

Mwaka jana shule moja ya biashara ya Ubelgiji ilituandikia kwamba ingependa kubadilishana wanafunzi na sisi. Mmoja wetu angekwenda huko kwa muhula mmoja, ndege na chakula juu yao, na mmoja wao angeweza kuja kwetu. Tulicheka pale ofisini. Nani atoke kwenye lami yake aje kusomea biashara Baraka, aamshwe na injini za boti za wavuvi kila alfajiri? Lakini barua ilikuwa ya kweli, yenye muhuri na namba ya simu, na nafasi ya yule mmoja wetu ilikuwa ya kweli pia.

Walimu walimchagua Ketsia, na hakuna aliyebisha. Alikuwa mwaka wa tatu, mtoto wa Anastasie anayeuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, kule kijijini Lweba. Kila asubuhi alikuja kwa baiskeli ya mjomba wake, akaingia darasani na vumbi hadi magotini, akawashinda wavulana wote bila kuinua sauti. Mimi nilimpenda waziwazi. Sekretari hatakiwi kuwa na mwanafunzi wake, lakini nilikuwa naye, basi.

Shule ile ilituma masharti ya wanafunzi wageni wanaoingia kwao. Yalikuwa kumi na saba. Nikayachapa, nikayabandika ukutani kando ya meza yangu, na kila Ketsia alipotimiza moja nililipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Picha ilitakiwa iwe na nyuma nyeupe na masikio yaonekane, kwa hiyo alifumua nywele alizosuka juzi yake, na mimi nikasimama nyuma yake nimeshika shuka. Hati ya kuzaliwa ilimpeleka mahakamani na mashahidi wawili, maana alizaliwa ng'ambo ya ziwa, kambini, wakati sisi wote wa huku tulikuwa wakimbizi. Mtihani wa Kifaransa ulikuwa wa kompyuta. Mtandao ulikatika mara mbili katikati, na mara ya tatu alipita. Pasipoti ndiyo ilikuwa kazi: boti hadi Uvira, gari hadi Bukavu, foleni, siku ya kurudi, siku nyingine ya kurudi, majuma matatu mazima. Aliporudi alikuwa amekonda, lakini alinionyesha ile pasipoti akiwa ameifunga ndani ya kitambaa cha kichwa.

Katikati ya Mei mistari yote kumi na saba ilikuwa nyekundu. Yeye alimaliza. Kilichobaki kilikuwa chetu.

Maana yake ni hii: kubadilishana ni kwa pande mbili, kwa hiyo chuo chetu nacho kilitakiwa kutuma ukurasa wa masharti yake kwa wanafunzi wageni watakaotoka kwao. Ukurasa mmoja tu, kabla ya mwisho wa mwezi, hata kama hatakuja mtu. Nilikaa asubuhi moja nikaandika masharti tisa. Pasipoti, shahada, bima ya ugonjwa, cheti cha daktari, chanjo, jina la mtu wa kupigiwa simu, na mengine ya namna hiyo. Nikampelekea mkurugenzi wetu, Bonaventure, ambaye sote tunamwita DG.

DG si mtu mbaya. Ni mtu mwenye fahari, na fahari yake ni ya chuo zaidi kuliko ya tumbo lake, jambo ambalo si la kawaida. Alisoma karatasi yangu, akavua miwani, akaisoma tena. Kisha akaisukuma kwangu juu ya meza.

“Mama Florentine, mugeni hajatoka hata kwabo, na we uko namupangia masharti tisa? Mwaka ya kukimbia tulifika ng'ambo na njaa, bakatuuliza makaratasi mbele ya kutupatia maji. Mi sitamuuliza mutoto wa muntu vile.”

Nilitaka kumjibu kwamba hii ni karatasi tu, kwamba wenzetu wa kule wanasoma karatasi na siyo mioyo. Lakini nilikumbuka kitu. Mimi nilifika ng'ambo nikiwa na miaka kumi na mitatu, nimembeba mdogo wangu mwenye homa, na mtu mwenye daftari alitusimamisha kwenye mchanga akatuuliza majina, kijiji, tarehe, baba yuko wapi, mama yuko wapi. Mdogo wangu alikuwa akilia kiu. Yule mtu hakuwa mkali. Aliandika polepole, kwa mwandiko mzuri, hadi akamaliza mstari wake. Huku kwetu mgeni hukaribishwa kiti, hupewa maji, hula, hulala, na kesho yake ndipo unamuuliza ametoka wapi. Kumuuliza mlangoni ni kumfukuza kwa adabu.

Kwa hiyo niliichana ile karatasi mwenyewe. Tukaandika mpya pamoja, DG akisema na mimi nikiiweka katika Kifaransa kizuri, maana Kifaransa changu ni kizuri, waulize watu. Tuliandika kwamba mwanafunzi mgeni haombwi kitu chochote. Aje na nguo zake. Atapokelewa na familia ya hapa, atakula tunachokula, na akiugua tutamuuguza. Sentensi ya kuugua niliiongeza mimi. Tulipomaliza tuliisoma kwa sauti, na nasema kweli, tulijisikia watu. Nikaituma siku tisa kabla ya mwisho wa mwezi.

Familia ya kumpokea haikuhitaji kutafutwa. Anastasie alipoelezwa habari ya kubadilishana alielewa kama mzazi yeyote wa kwetu angeelewa: mimi nampa yule mama wa kule mtoto wangu, naye ananipa wake. Akaanza kutengeneza chumba cha Ketsia. Akasiriba ukuta upya, akamwita seremala wa kitanda, akanunua chandarua cha bluu. Nilimwambia kwamba huenda hatakuja mtu muhula huu. Alinitazama kama mtu anayezungumza na mlevi, akaniuliza kama mtoto wa Kizungu anaweza kula samaki wenye vichwa.

Juni ikaanza. Ketsia alipita ofisini kila siku baada ya masomo, akasimama mlangoni na baiskeli yake, akaniuliza kama mtandao uko. Nikamwambia uko, ila hakuna kitu. Siku ya kumi na moja kulikuwa na kitu.

Barua ilikuwa ya heshima, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Walitushukuru kwa ukarimu wetu. Kisha wakasema kwamba kamati yao haikuona kiwango cha masomo kinachotakiwa, wala bima, wala jina la mtu anayewajibika kwa wageni. Chuo kisicho na masharti ya kupokea wanafunzi, waliandika, hakiwezi kuthibitika kuwa na utaratibu wa kuwalinda. Kwa hiyo mkataba hautatiwa saini, na pasipo mkataba hakuna mgombea. Faili la Ketsia limefungwa. Walisema pia kwamba faili lake lilikuwa kamili.

Nilisoma mstari huo wa mwisho mara nyingi. Mchana uleule, bila kumuuliza DG, niliandika masharti kumi na manne, nikanakili mengine kutoka kwenye yale yao yaliyokuwa ukutani kwangu, nikaweka jina langu kama mtu anayewajibika, nikapiga muhuri, nikatuma. Jibu lilifika kesho yake. Masharti yetu mapya yalikuwa mazuri sana, walisema, lakini kamati imekwisha kukaa na nafasi imepewa chuo kingine.

DG alipoambiwa alivua miwani. Akasema kwamba wale watu hawajui kuishi, na akafunga mlango wa ofisi yake. Lilikuwa neno zuri kwa mtu asiyelazimika kwenda Lweba.

Nilikwenda mimi, kwa pikipiki, siku ya Jumamosi. Anastasie alikuwa akianua ndagala zake. Hakuniacha niseme. Alinipa kiti, maji, akanipeleka kwanza kuona chumba. Kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka lenye maua, chandarua kimefungwa fundo juu, na ukutani palikuwa na kioo kidogo. Ketsia amekuwa akilala mkekani jikoni tangu Mei, alisema mama yake, ili kitanda kisichakae kabla mwenyewe hajafika.

Niliwaambia nikiwa nimesimama mlemle ndani. Nilisema yote, na karatasi, na kwamba niliandika mimi. Ketsia alikaa chini, sakafuni, si kitandani. Hakulia. Alitaka tu kujua kama yeye alikosa kitu, sharti lolote, hata dogo. Nikamwambia hakukosa hata moja. Nadhani angependa nimwambie amekosa.

Anastasie ndiye aliyeuliza.

“Na ule mutoto wabo? Bamemukatalia naye?”

“Hakukuwa mutoto, mama Ketsia. Hakuna mwenye aliomba kuja.”

Alitazama kitanda. Kisha akalegeza fundo la chandarua, akalifunga tena vizuri zaidi, akatoka kuendelea na samaki wake. Nilipoondoka alinifungia ndagala kwenye gazeti, za kupeleka kwa watoto. Nilizichukua, ningefanya nini?

Ketsia hakurudi chuoni Septemba. Yuko Kazimia sasa, kwenye soko la wavuvi, ananunua samaki kwa jumla na kuwapakia kwenye boti, na wanasema hesabu zake hazikosei. Pasipoti yake sijui iko wapi. Yale masharti kumi na saba nimeyang'oa ukutani, lakini gundi imeacha pembe nne za karatasi.

Masharti yetu kumi na manne hayakupotea. DG aliyasoma mwishowe, akaona yamekaa vizuri, na kamati ya chuo ikakubali yawe ya kila mwanafunzi anayeingia kutoka mahali pengine, awe wa Ubelgiji au wa ng'ambo ya mto wa jirani. Hatutachekwa tena, alisema. Yamebandikwa kwenye mlango wangu, na jina langu chini yake.

Wiki iliyopita alikuja msichana wa milimani, Kayitesi, pamoja na kanisa moja lililowashusha watu hadi ziwani kwa sababu ya vita. Alikuwa mwaka wa pili wa biashara kwenye chuo ambacho sasa kimefungwa. Alitaka kuendelea. Alisimama mlangoni, viatu mkononi kwa ajili ya matope, akasoma masharti yote taratibu, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Nilikuwa na kiti kitupu mbele yangu na chupa ya maji mezani.

Nikamuuliza hati ya kuzaliwa. Akasema imeungua na nyumba. Nikamuuliza matokeo ya mwaka wa kwanza, akasema ni vilevile. Nilikumbuka kitanda kule Lweba ambacho bado hakuna anayekilalia, na hata nilifungua mdomo nimkaribishe akae. Kisha nikatazama mlango, penye muhuri na jina langu.

Nilimwambia arudi akipata karatasi zake. Akanishukuru, akavaa viatu vyake nje, akaondoka.