Pau ya Mwisho Kulia

Pau zilikuwa nne, na kila moja ilikuwa imeipita iliyoitangulia kwa urefu. Mtangazaji alizitazama akashusha pumzi. Alikuwa amemwomba Mungu asipewe kueleza mchoro wa mtambo wa saruji wala ramani ya mji uliobadilika, na kweli alikuwa amepewa grafu ya pau, kitu ambacho hata mtoto angekieleza. Kichwa cha grafu kilisema: wazee wanaoishi peke yao, muongo kwa muongo. Nchi yenyewe ilikuwa ileile waliyotaka kwenda kufanya kazi, yeye na mkewe, na ndiyo iliyodai mtihani huo wa Kiingereza.

Mkewe alikaa safu ya mbele yake, mgongo umenyooka, ameshaanza kuandika. Wote wawili walikuwa wauguzi wa hospitali moja, mume wodi ya wanaume, mke chumba cha upasuaji. Hospitali ya ng'ambo ilikuwa imekubali kuwachukua pamoja, mradi wote wafaulu. Atakayeanguka angesubiri tangazo jingine, na hilo tangazo jingine hakuna aliyejua lingekuja lini, wala kama lingekuja.

Jina la Mtangazaji alipewa wodini na, jamani, lilimkaa. Hakuwa mtu wa kutoa taarifa ikaishia kuwa taarifa. Muulize yeye jinsi mgonjwa wa kitanda cha dirishani alivyoamka: atakwambia mgonjwa ameamka vibaya, kwa sababu binti yake hakuja jana, na binti hakuja kwa sababu amegombana na mumewe, na huyo mume ukimwona tu utaelewa. Nusu ya hayo aliyatunga papo hapo. Lakini aliyatunga kwa huruma, na watu walimpenda kwa hilo.

Mwalimu wa darasa la jioni hakupendezwa. Alikuwa mama mfupi mwenye sauti kavu, na kila aliporudisha karatasi za mazoezi alianza na yeye.

"Hujaulizwa kwa nini. Umeonyeshwa pau. Sema ipi ndefu, ipi fupi, ipi imepanda, ipi imeshuka. Kisha funga mdomo."

"Lakini mwalimu, pau haipandi yenyewe. Kuna kilichoipandisha."

"Wewe ulikuwepo?"

Darasa likaangua kicheko, na mkewe akacheka kuliko wote. Kumbe nyumbani ndiye aliyekuwa akimpa kichwa. "Hebu nisomee tena ile ya chai na kahawa," angesema huku akikatakata vitunguu, na mume angeisoma ile insha ambamo wanywaji wote wa kahawa walikuwa wameachwa na wapenzi wao. Walicheka mpaka kisu kikawekwa chini. Hapo ndipo mke alipopaswa kumkanya. Hakumkanya, na baadaye alijilaumu sana kwa kicheko kile.

Chumba cha mtihani kilikuwa kimya, feni ikipepea karatasi. Mtangazaji aliandika aya mbili za kwanza kama alivyofundishwa, kavu, bila chumvi wala sukari. Alipofika kwenye pau ya mwisho kulia, ile iliyokaribia kugusa ukingo wa juu, kalamu ilisita. Alimwona mama yake.

Mama aliishi nao tangu alipofiwa na mumewe, katika chumba kilichopakana na jiko. Wao wakisafiri, angehamia kwa binti yake, dada mkubwa wa Mtangazaji, mwenye nyumba iliyojaa watoto. Watoto wa mama walikuwa wamekata shauri hilo kwenye simu, kisha wakamwarifu. Alijibu neno moja tu, "Sawa," akaingia chumbani akafunga mlango. Ile sawa ilimkaa mwanawe kooni kama mwiba wa samaki. Mama anameza uchungu, alijiambia. Mama analia kimoyomoyo ili asituzuie.

Basi akaandika. Aliandika kwamba wazee wale wameachwa. Kwamba watoto wao wamekwenda mbali kutafuta maisha, na sasa wageni ndio wanaokuja kuwaosha na kuwalisha. Kwamba wageni hao nao wana mama waliobaki wakitazama mlango. Alijua amevuka mpaka. Sauti kavu ya mwalimu aliisikia kabisa. Lakini mkono haukutaka kusimama, na alipoweka nukta ya mwisho alijisikia mwepesi, tena mwema.

Majibu yalikuja kwenye simu siku ambayo wote wawili walikuwa mapumziko. Mkewe alikuwa amefaulu kila kitu. Yeye alikuwa amewapita wengi katika kuzungumza, akaanguka katika kuandika.

"Ile grafu uliiandikia nini?" mkewe aliuliza.

Akamweleza, karibu neno kwa neno. Safari hii mkewe hakucheka.

"Ulijua hayo hayatakiwi?"

"Nilijua."

"Basi ulichagua."

"Sikuchagua, mke wangu. Nilimwona mama."

"Na mimi hukuniona?" "Nilikuwa mbele yako pale. Ungeinua macho tu."

Mara mama akaingia kutoka uani na nguo alizoanua, akawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Mbona nyuso zimewashuka? Majibu yametoka?"

"Mwenzangu amefaulu, mama. Mimi nimeanguka." Mtangazaji akampokea zile nguo, akamshika mkono. Angalau hili moja alikuwa nalo la kumpa. "Kwa hiyo huhami tena. Tutabaki wote hapa, mimi na wewe."

Mama aliketi taratibu.

"Nibaki hapa nifanye nini?"

"Mama?"

"Kutwa mko kazini, mimi nabishana na redio. Kule wajukuu zangu wamenitengea kitanda, wanagombania nani alale na bibi. Hata majirani nimeshawaaga."

"Lakini ulisema sawa tu, ukaingia chumbani ukajifungia!"

"Ulitaka nipige vigelegele mbele ya mkeo, mseme nawafukuza? Niliingia kukunja nguo zangu." Alimtazama mwanawe, na uso wake ukalegea kwa huruma. "Haya. Hayo yamepita. Mkeo lazima aende, nafasi kama hii haichezewi. Na wewe siwezi kukuacha peke yako, huo moyo wako naujua. Nitabaki."

"Usibaki kwa ajili yangu, mama. Nakuomba, nenda."

"Nimeshasema." Akainuka, akatafuta simu yake.

Mkewe alikuwa ameingia chumbani. Muda si muda akaita, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya siku yoyote ile: "Njoo unishushie sanduku juu ya kabati. Sifiki."

Mtangazaji akaenda, akapanda juu ya kiti. Sanduku lilikuwa jepesi. Alibaki amelishika vilevile, vumbi likimwangukia usoni, kwa sababu huko sebuleni mama alikuwa ameanza kuzungumza na binti yake kwenye simu, na ukuta ulikuwa mwembamba.

"Huyo mdogo yuko wapi? Mpe simu, nimwambie mwenyewe. Ndiyo, ni bibi. Sikiliza, mjukuu wangu. Hicho kitanda, lalieni tu."